Soko Lililowachuchumaza Walimu

Akinyi mjukuu wangu,

Salamu nyingi huko kwenye baridi. Sisi tu wazima. Babu yako bado anabishana na redio, na dada yako amejifungua binti mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima wa Kondele.

Unasema walimu hawauelewi mradi wako wa mwisho, ukaniuliza mimi niliuteteaje wangu. Ilikuwa Nairobi, miaka ya sabini, nikimalizia shahada ya pili ya usanifu majengo. Wenzangu walichora mahoteli na mabenki. Mimi nilichora soko la samaki la Asembo Bay, ufukweni mwa ziwa, alikouzia mama yangu.

Walimu waliizunguka modeli yangu mezani. "Naona paa tu," akasema mkubwa wao. "Ukuta wa upande wa ziwa uko wapi?"

Nikaibeba, nikaiweka sakafuni. "Mzee, kule wauzaji hukaa chini. Karibu."

Halafu mzee akavuta suruali ya suti yake juu kidogo, akachuchumaa. Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Chini ya paa lile wakaona alichokiona mama kila asubuhi akiwa ameketi kwenye gunia lake: maji wazi mbele yake, ili mashua ikitokea tu, aikimbilie kununua samaki kabla ya wenzake.

"Ukuta usiuweke kabisa," mzee akasema, akiwa bado chini.

Nikapita, tena wa kwanza! Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

Najua meza ya walimu wako iko juu, Akinyi. Lakini sakafu ipo.

Dani, bibi yako