Mheshimiwa Amejibu Mwenyewe

Nyumbani, kwenye meza ya cherehani
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa wifi yangu,

Kabla ya yote nakusalimu kwa mapenzi mengi. U hali gani huko ugenini? Goti limepona, au bado unapanda ngazi kwa kuzihesabu? Sisi huku ni wazima. Kifua kilichonisumbua mwezi uliopita kimetulia, na mwanangu Mheshimiwa anakula mpaka namwonea gere.

Mwaka na miezi minne sasa tangu kaka yako atutoke. Redio yake sijaihamisha stesheni, kwa hiyo nashona nikisikiliza mechi nisizozielewa. Juzi nimejikuta nikimzomea refa.

Sasa habari. Kile chumba tulichokuwa tukikiomba pale zahanati, cha mwisho, kilichojaa magodoro mabovu, tumepewa! Kila Alhamisi watoto wasioweza kusema wanapimwa humo, ijulikane kila mmoja anaweza kuongea kwa njia gani: kidole, mguu, macho, picha, au kifaa chenye sauti. Mtaalamu wa mawasiliano anatoka hospitali kuu. Fundi seremala, ambaye binti yake naye hasemi, ametengeneza meza za kupandisha na kushusha. Mimi nimeshona mifuko ya picha.

Tulianza kwa aibu, wifi. Sisi akina mama tulichora ukuta mzima: maua, twiga, samaki, jua lililovaa miwani. Mtaalamu alipofika akasimama mlangoni. "Mama zangu, pamependeza mno. Lakini mtoto anayeongea kwa macho, nitajuaje anatazama picha yangu au twiga wenu?" Tukapaka rangi ya maziwa juu ya kila kitu, huku tukinung'unika. Jua lenye miwani bado linachungulia kwa mbali.

Alhamisi iliyopita ikawa zamu ya Mheshimiwa. Unakumbuka baba yake alimwita hivyo kwa sababu anakaa tu kwenye kiti, sisi tunamsukuma. Roho yangu ilikuwa mkononi. Mwalimu mkuu alikwisha kusema wazi: akiona ripoti kwamba mtoto anaweza kujibu mwenyewe, atampa nafasi muhula ujao, bila hiyo, hapana. Naye ana miaka minane, mikono haimtii, shingo yenyewe ni ya kubembeleza.

Mtaalamu akamshikia mbele fremu ya plastiki inayoonyesha kama kioo cha dirisha, picha zimebandikwa pembeni. Akamwuliza anapenda maziwa au chai. Mimi nikadakia, "Maziwa." Akamwuliza amelalaje. Mimi tena, "Vizuri sana." Mara ya tatu akaweka kalamu chini. "Mama, ripoti hii ni yako au yake?" Seremala, aliyekuwa akikaza meza pembeni, akacheka mpaka akapaliwa.

Basi nikaambiwa nivue kiatu kimoja nitoke nje. Wakakificha, Mheshimiwa akiona. Nikirudi nimwulize yeye, maana hapo sikuwa na jibu la kumsemea. Kwenye fremu palikuwa na kabati, ndoo, pazia na kiti, na chini NDIYO na HAPANA.

Nikauliza, "Mwanangu, kiatu changu kiko wapi?" Akatazama ndoo. Nikazamisha mkono hadi kiwikoni, kwenye maji ya kudekia. Hamna kitu. Nikauliza tena. Ndoo! Nikazamisha tena. Hamna. Machozi yakanilenga, nikajua shule tumeikosa.

"Mtazame usoni kabla hujalia," mtaalamu akasema.

Wifi, alikuwa anacheka! Lile cheko la kaka yako, la bega moja, kama siku aliponifichia kastabini yangu ya kushonea kwenye soksi yake, halafu akanisaidia kuitafuta saa nzima. Nikamwambia, "We mtoto, umenitia kwenye maji machafu kwa makusudi?" Akatazama NDIYO. Kisha, kwa huruma, akatazama pazia. Kiatu kilikuwa pale.

Seremala akasema, "Huyu msimpe shule, mpeni bunge."

Wakakificha mara sita zaidi, na zote sita akanielekeza sawa. Mtaalamu akaandika, akanisomea: "Anajibu mwenyewe, kwa macho. Anaelewa. Anatania." Nikamwomba hilo la mwisho alipigie mstari.

Ijumaa mwalimu mkuu alianza kuisoma ripoti akiwa amesimama, akaimaliza amekaa. Muhula ujao Mheshimiwa anaanza darasa la kwanza, nami nashona sare usiku na mchana kana kwamba ni za harusi.

Nisalimie shemeji, na mapacha, na shangazi mkubwa. Mwambie shangazi gauni lake liko tayari, asinenepe tu.

Jambo moja zaidi. Katika barua zangu zote nilikuandikia "Mheshimiwa anakusalimu sana." Nisamehe, nilikuwa najitungia. Leo nimemwuliza mwenyewe, fremu niliyoazimwa mkononi: "Unamsalimu shangazi yako wa ugenini?" Akatazama HAPANA. Nikaona haya kwa niaba yako. "Basi tumwambie nini?" Akayazungusha macho polepole, akayatuliza kwenye picha ya mlango ulio wazi, ambayo kwetu ni NJOO. Nikamwuliza mara ya pili, kwa kuwa sasa namjua. NJOO.

Mungu akutunze na akufungulie njia ya kuja.

Mimi wifi yako, nikupendaye bila kupungua,

Mama Mheshimiwa