Bi Mize wa Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 6 Aprili

Maji yametoka baada ya sala ya alfajiri. Mferejini chini tu, kama kawaida. Huku juu hayapandi tangu pampu ilipokufa. Nimepandisha ndoo sita, nne zangu ghorofa ya pili, mbili za Bi Mize ghorofa ya tatu. Mgongo unauma.

Cherehani imelala. Skuli zimefungwa kwa korona, hakuna wa kushona sare. Nakata vipande vya kanga nashona barakoa.

Sheha, mkuu wa mtaa wetu, kaja asubuhi, akasimama mbali, akaniambia nimechaguliwa mjitoleaji wa jumba letu. Niandike wazee na wagonjwa, niwafundishe watu kunawa, na akitokea mtu anakohoa na ana homa nipige simu kwa nesi. Kanipa daftari na karatasi yenye picha ya mikono na povu. Nimeibandika kwenye ngazi. Nikamuuliza maji ya kunawia yatatoka wapi. Kasema habari ameshaipeleka.

Nimekubali kwa sababu nilifurahi kuombwa. Humu naandika ukweli, hakuna wa kusoma.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimegonga milango yote kumi na minane. Watu wamenipokea vizuri. Wengine wamecheka barakoa yangu ya maua.

Wa kwanza kumwandika ni Bi Mize. Anaishi peke yake. Mumewe ndiye aliyepewa nyumba hii na Serikali, miaka michache baada ya Mapinduzi, wakati jumba bado linanuka chokaa. Walitoka kijijini Mgogoni, wakaacha nyumba yao ya udongo. Ananihadithia kila mara jinsi wanawake wenzake walivyokuwa wakishuka ngazi kwa makalio kwa woga. Sasa yeye hashuki kabisa. Mguu umevimba, mwaka wa pili huu. Mwanawe yuko Unguja, humpigia simu kila Ijumaa.

Mama yangu alipokufa, Bi Mize ndiye aliyemuosha. Leo kanambia, "Na miye siku yangu unioshe weye, Raya. Sitaki mikono nisoijua."

Nikamwambia inshallah. Hakutosheka, akataka niseme ndiyo. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 16 Aprili

Imeletwa ndoo ya koki, moja kwa jumba zima, na miche ya sabuni. Wakapiga picha, wakaondoka. Kufika adhuhuri ndoo kavu. Jioni koki haipo.

Nilikwenda ofisi ya wilaya kupeleka orodha ya watakaopewa chakula cha msaada. Nikawekwa nje juani. Bwana mmoja akaisoma kupitia dirishani, akalikata kwa mstari jina la Bi Mize. Kitambulisho chake kimepitwa na wakati, lazima aende mwenyewe apigwe picha upya. Nikamweleza kuwa hashuki ngazi. Akasema basi abebwe. Nikamuuliza nani atambeba wakati huu ambao tumekatazwa kugusana. Akafunga dirisha.

Nimerudi kwa miguu. Nimelia njiani kwa hasira, barakoa ikaroa.

Jumamosi, 25 Aprili

Ramadhani mosi. Mchele, unga na sabuni vimegaiwa uwanjani. Kila mtu kwenye duara lake la chokaa. Bi Mize hakuitwa. Sheha nilimfuata, akaangalia viatu vyake, akasema orodha imebadilishwa huko juu, yeye hana uwezo. Nadhani ni kweli hana. Hilo ndilo lililonivunja zaidi.

Nimepika futari ya muhogo wa nazi, nimempelekea nusu. Alikataa kwanza, akasema mimi mwenyewe sina cha kugawa. Kisha akala yote.

Jumanne, 28 Aprili

Watu wameanza kuogopana. Zuwena, jirani yangu wa mlango wa pili, alikuwa akimpandishia Bi Mize ndoo moja kila siku. Leo kaniita pembeni, akasema mumewe kamkataza kupanda juu, ana watoto. Simlaumu. Namlaumu.

Nampandishia peke yangu. Naweka ndoo mlangoni, nabisha, narudi nyuma hatua mbili, kama nilivyofundishwa. Bi Mize anafungua ananitazama kama mtu aliyetukanwa. Jana kaniuliza kama nimegombana naye.

Anakohoa. Anasema vumbi.

Ijumaa, 1 Mei

Si vumbi.

Leo hakufungua. Nikasukuma mlango. Yuko kitandani, mwili moto, anahema kama mtu aliyekimbia. Simu ya mwanawe ilikuwa inalia chini ya mto, hana nguvu ya kuitoa. Nimeingia. Hatua mbili nimezisahau. Nimempa maji kwa kijiko, nimemfuta uso.

Akaniona naitazama simu yangu. Akajua.

"Usiwaite, Raya."

"Sijui la kufanya jengine, Bi Mize."

"Kaa tu. Mie sina haja ya dakitari. N'na haja ya mtu."

Nikakaa mpaka alasiri. Kuhema kukazidi. Midomo ikawa na rangi ya majivu. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi, nikapiga ile nambari ya nesi. Mara tatu haikupokewa. Nilipopiga ya nne niliomba isipokewe. Ikapokewa.

Jumamosi, 2 Mei

Gari ya wagonjwa imefika saa nne asubuhi. Watu wanne, mavazi meupe toka kichwani mpaka miguuni, huwezi kujua nani mwanamke nani mwanamme. Machela haikukata kona ya ngazi. Wakarudi juu wakamtoa kwenye kiti cha plastiki, wamemfunga kwa shuka asidondoke. Ushungi ukamvuka. Bi Mize, ambaye hata mimi simjui nywele zake. Nikataka kumrekebishia, wakanizuia kwa mkono.

Milango yote imefungwa. Macho yote nyuma ya mapazia.

Nilimwambia kuwa nitamfuata. Hakunitazama. Walipomfikisha nje alifumba macho, jua kali, miaka miwili hajalipata usoni. Nikaambiwa siruhusiwi kupanda gari. Mmoja akabaki nyuma kunyunyiza dawa, ngazi, mlango wake, mlango wangu. Harufu imeingia mpaka kwenye mchele.

Nimekaa chini sakafuni siku nzima. Nilifanya nilivyoagizwa. Sijisikii kama mtu aliyefanya jema.

Jumatatu, 4 Mei

Nilikwenda mpaka lango la kambi ya wagonjwa walikomuweka. Mlinzi kakataa. Nikaacha kanga mbili na chupa ya uji. Kasema vitafika.

Nesi akipatikana kwenye simu anasema yuko vilevile. Sijui vilevile ni vipi.

Mwanawe kapiga toka Unguja. Anataka kuja, kaambiwa akifika atawekwa karantini siku kumi na nne kabla ya kumuona yeyote. Akaniuliza nani aliyeita gari. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Ahsante, dada Raya." Bora angenitukana.

Jumatano, 6 Mei

Bi Mize kafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Sheha ndiye aliyeniletea habari, kabla ya adhuhuri, kasimama chini uwanjani ananitazama juu. Alikwishazikwa. Wanaume wachache wa huko huko, hakuna jamaa hata mmoja. Nikateremka mbio, nikamuuliza nani aliyemuosha. Kasema hajui. Nikampigia nesi. Naye hajui, kasema wapo waliopangiwa.

Nimepanda ngazi nikarudi juu.

Kipimo chake majibu bado. Yanapelekwa mbali, wanasema.

Hakuna tanga. Hakuna aliyekuja. Nimetia udhu, nimemsomea Yasini peke yangu mlangoni kwake, mlango una kufuli ya Serikali. Kisha nikabaki nimesimama hapo. Mikono yangu naiona kama vitu visivyo na kazi.

Jumapili, 10 Mei

Leo nimepima homa yangu kwa mkono kila saa. Sina. Sijui kwa nini sina.

Alhamisi, 14 Mei

Nimepita milangoni na daftari. Ghorofa ya chini, "Wazima sote." Ya kwanza, "Wazima sote." Wanasema bila kufungua. Kwa mzee mmoja mvuvi nimesikia wanawe wanamziba mdomo asikohoe, naye ananguruma. Watoto wakiniona kwenye ngazi wanakimbilia ndani. Mmoja kaniita kwa jina, nikageuka. Mamake akamvuta.

Wanasema nikiingia kwa mtu, gari inafuata. Nimeyasikia kwa masikio yangu mferejini, na walipogeuka wakaniona hawakuona haya.

Nilimpelekea sheha daftari, nikamwambia atafute mwengine. Akakataa. Kasema wakubwa wameusifu mtaa wetu, mgonjwa aliripotiwa mapema. Nilimwambia sifa hizo akampe Bi Mize. Nikajuta baadaye. Naye ni mtu, amekonda.

Jumatano, 20 Mei

Simu imekosa mtandao siku mbili. Mwana wa Bi Mize alikuwa akinitafuta. Anataka nimwendee kaburi nimtumie picha. Nimekwenda. Yako makaburi matatu mapya, udongo mmoja, hakuna kibao. Mlinzi wa pale hajui lipi ni lake. Nimepiga picha yote matatu pamoja.

Jumapili, 24 Mei

Idi. Nimeswali chumbani. Nimevaa nguo mpya nimeivua.

Nilipika vitumbua vingi kuliko vinavyoliwa na mtu mmoja, nikaweka sahani kwenye kila mlango wa ghorofa yetu, nikabisha, nikaondoka. Alasiri sahani zote ziko palepale. Sisimizi tayari.

Majibu ya kipimo bado. Nimeacha kuuliza.

Alhamisi, 28 Mei

Mvua tangu asubuhi. Nimekinga maji kutoka bati la barazani, leo sikushuka mferejini.

Nilikuwa nashona. Nikasikia mtu anakohoa upande wa pili wa ukuta, kwa Zuwena. Kikohozi kikavu, kimefunikwa na kitu, mto au nguo. Kikakoma. Kikarudi. Cherehani nikaisimamisha.

Nikatoka nikasimama mlangoni kwake. Sikubisha. Nadhani alinisikia miguu. Akafungua kidogo, upana wa jicho moja tu, jicho jekundu.

"Pilipili, Bi Raya," kasema. "Nakaanga pilipili."

Sikusikia mlio wa mafuta. Hakukuwa na harufu yoyote isipokuwa ya mvua.

"Haya," nikamwambia. "Fungua dirisha, mwanangu, upate hewa."

Akaitikia kwa kichwa. Akafunga mlango taratibu, usitoe sauti. Nikarudi ndani nikaanza kushona tena, nikakanyaga pedali kwa nguvu, cherehani ikapiga kelele, kikohozi kisisikike kwenye ngazi.