Mupira wa Pumzi

Mujukuu wangu Mireille,

Jambo yako kule Kolwezi. Hapa Kasungami tuko muzuri. Dada yako amezaa mutoto mwanaume.

Unaniuliza kama mwanamuke anaweza kutunza pikipiki yake nyumbani, bila fundi. Anaweza. Kambo yako mwanaume, bwana yangu, alipopata kazi mbali, alinirefushia mupira wa kutolea pumzi ya injini ya pikipiki yangu. Ulikuwa umejificha chini ya tangi, fundi tu ndiye aliweza kuufikia. Akauleta pembeni, akaufunga kwenye chupa ndogo ya kukusanya mafuta machafu yanayotoka na ile pumzi.

“Sasa utaimwaga weye mwenyewe,” akasema.

“Kumbe hautarudi?”

“Nitarudi. Lakini usiningoje ndio utembee.”

Nilikasirika. Alipoenda, asubuhi moja nikafungua ile chupa, nikaimwaga, nikawasha. Injini ikapumua polepole karibu na goti langu, kama muntu amelala, na ukungu ulikuwa bado juu ya mashamba. Nikapeleka mboga zangu soko la Kampemba, kisha sikurudi; nikaendelea tu mpaka Luano, kwenye kiwanja cha ndege, nikaziangalia zikipaa, moyo mwepesi.

Aliporudi, nilikuwa najua barabara zote za mji. Akapanda nyuma yangu, akanishika kiuno, nikamuendesha.

Ni mimi kambo yako, ninayekuwaza kila siku,
Mama Odia