Wanataka Niwatajie Mwaka

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepanda na kushuka bila kusogea! Na mji mzima pamoja nami.

Tetemeko lilitokea upande wa pili wa dunia, chini ya bahari. Mimi nilikuwa kwenye chumba chetu cha chini, nafuta vumbi kwenye mitambo ya kupimia matetemeko. Mstari kwenye skrini ukatetemeka kidogo — hayo ni mawimbi yaliyopita tumboni mwa dunia. Baadaye yakaja yale yanayozunguka kwa juu. Marefu, ya polepole. Soko, hospitali, wanaogombana kituo cha basi, sote tukanyanyuliwa kiasi cha unene wa ukucha, tukashushwa taratibu, tukanyanyuliwa tena. Chai yangu haikutikisika. Nikajikuta nimeshika ukuta. Kwa nini? Sijui. Heshima, labda.

Na serikali inanilipa kwa hili! Kwa sasa. Fungu la utafiti linaisha na mwaka wa fedha. Kamati ya bajeti isipoliongeza, kituo kinafungwa, mkataba wangu na wa wenzangu kwisha habari yake, na ramani yetu inabaki nusu. Ile ya kuonyesha mitaa ipi ina udongo wa kutikisika zaidi, shule zipi ziimarishwe kwanza. Mume wangu, nesi mwenye maneno, anasema mkataba wangu unawahi kuharibika kuliko maziwa ya pakiti. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Jumatano, 6 Machi

Kamati imekuja. Mwenyekiti wao tunamwita Mkasi, maana hajapitisha fungu lolote bila kulikata. Mtu mnene, mpole wa sura, viatu vinang'aa.

Ardhi nayo! Siku ya wageni imekaa kimya kama mtoto aliyeambiwa asalimie. Hakuna hata katetemeko ka kuonyesha. Mkasi akauliza kama mashine ni nzima. Nikamwomba apige mguu chini. Akapiga — mstari ukaruka mpaka ukingoni mwa skrini! Kiatu cha mheshimiwa kimeshinda tetemeko la Jumatatu. Wajumbe wakacheka, yeye akacheka kuliko wote, akasema kumbe tunamlipa mtu arekodi viatu vyake.

Nikawaonyesha mchoro wa Jumatatu. Nikawaambia siku ile hata bunge lilipanda na kushuka, wao wakiwemo ndani. Kicheko kikakatika. Mkasi akasogea akaangalia mstari kwa muda mrefu, mikono nyuma. Nikampenda kidogo.

Halafu akageuka. "Sawa binti. Na tetemeko letu sisi? Mwaka gani?"

Mkurugenzi wangu akadakia haraka kwamba majibu yataletwa Jumanne, kwenye kikao. Majibu gani?

Alhamisi, 7 Machi

Mkurugenzi kaniita ofisini, kafunga mlango. Anataka Jumanne niseme "ndani ya miaka mitano". Nikamwambia hakuna kipimo duniani kinachosema hivyo. Akasema anajua, yeye ndiye aliyenifundisha. Ila kamati haitoi hela kwa neno "sijui", na wizara ina maombi mengine yanasubiri fungu hilohilo. Akasema niwafikirie wenzangu. Macho yake yalikuwa mekundu. Sijawahi kumuona anaomba kitu.

Jumamosi, 9 Machi

Mume wangu anaona niseme tu. Miaka mitano ikipita bila kitu watu watashangilia, nani atakudai tetemeko? Hoja ya kipuuzi. Imeniingia lakini.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha chumbani. Mara ya kwanza nilikosea maneno. Mara ya tatu ilitoka vizuri sana: "Waheshimiwa, ndani ya miaka mitano mji huu utapigwa." Nilitisha! Nilijiamini mwenyewe kabisa. Inashangaza jinsi uongo unavyokaa vizuri mdomoni ukishauzoea.

Jumapili, 10 Machi

Balaa.

Mama mkwe anaishi nasi, chumba cha pili. Alinisikia jana. Hakuuliza kitu. Asubuhi nimemkuta sebuleni, mabegi mawili yamefungwa, kanga yake ya safari mabegani. Anakwenda kwa dada yake. Nikamuuliza kulikoni.

"Mwanangu, wewe ndiye mtu wa serikali. Ukisema mji utapigwa, mimi nibaki nafanya nini?"

Nikamweleza kwamba yalikuwa mazoezi tu. Akaniangalia kama nimemvua nguo hadharani. Mazoezi ya nini sasa? Kwani na uongo una mazoezi? Halafu akaniambia lililobaki: jana jioni alishawaambia wanawake wa kikundi chake. Na mshonaji jirani yetu amelala uani na watoto wake wadogo. Uani! Na usiku kucha ilinyesha!

Nimekimbia kwake. Alikuwa anaanika magodoro. Mdogo anakohoa. Nikamwambia si kweli, hakuna anayejua siku wala mwaka. Hakunikasirikia. Aliniuliza kwa heshima kama wakubwa ndio wamenikataza kusema. Hiyo ndiyo imenimaliza. Ukweli wangu wote sasa unaonekana siri ya serikali! Nimebeba godoro moja mpaka ndani kwa mikono yangu, na bado alikuwa anaangalia dari.

Sentensi moja ya chumbani kwangu imewatoa watu kitandani. Naogopa mdomo wangu. Ninaogopa kweli.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemwambia Mkurugenzi siwezi. Ameniambia tu nivae vizuri kesho.

Jumanne, 12 Machi

Naandika kwenye benchi la korido. Kikao kimesimama kidogo kabla ya kura.

Ukumbi mkubwa mno. Zulia linameza hatua. Mkasi akauliza lilelile: mwaka gani? Nikawasha maikrofoni. Nikasema sijui, mheshimiwa. Na akija mtu akakutajia mwaka, usimpe hata nauli ya kurudi kwao. Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Mkurugenzi akafumba macho.

Nikasema tunachoweza kujua ni wapi patatikisika zaidi, na nikatandaza ile nusu ya ramani. Akauliza palipo pabaya kuliko pote. Nikaweka kidole kwenye mtaa mpya wa bondeni, palipokuwa kinamasi kabla ya kufukiwa. Udongo laini, nyumba zimejengwa haraka. Mkasi akavaa miwani. Akavua. Akasema tupumzike kidogo.

Halafu Mkasi mwenyewe katoka, kaja kukaa hapa hapa kwenye benchi. Bila mlinzi, bila msaidizi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Binti yangu amejenga hapo bondeni. Ana mapacha. Nimwambie ahame leo?"

Mungu wangu. Ningeweza kusema ndiyo! Fungu lingepita papo hapo. Nikasema sijui ya leo, mheshimiwa, wala ya mwakani. Lakini kama kuta ni za matofali matupu bila nondo, vitanda vya watoto visikae chini yake. Hilo nalijua. Hilo alifanye leo, na ukuta uimarishwe. Akaniuliza kuta zisizo na nondo mjini ni ngapi. Nikamwambia ndizo tulizokuwa tunahesabu, hela zikaisha.

Kainuka, kenda kukaa kwenye ngazi na suti yake yote, anapiga simu. Karani wa kamati amefungua mlango. Wajumbe wote wameshakaa, anasema, kura inamsubiri yeye. Mkasi ameinua mkono bila kugeuka. Karani anarudia. Mkasi ameziba sikio la pili kwa kidole, ameinama, namsikia mpaka huku.

"Upande wa kitanda, mwanangu. Hebu gonga huo ukuta. Gonga nisikie."