Swichi ya Nne

Mjukuu wangu Salama,

Marahaba. Hapa Mkunya tu wazima, mikorosho imechanua, na dada yako amejifungua mtoto wa kike. Unauliza kama kweli marehemu babu yako alinitumia habari tatu kwa waya mmoja.

Kweli. Wakati wa vita vya Msumbiji niliendesha pampu ya maji bondeni Kitangari. Tangi lilikuwa juu mlimani, na nyaya za kuleta habari kutoka huko zilikatika ukabaki mmoja tu. Wakimbizi walijaa zahanati ya huko juu, nami sikujua tangi limejaa au limekauka.

Babu yako, wakati huo fundi mgeni kutoka Tanga, alifunga swichi tatu kwenye tangi. Kila swichi aliipa kizuizi chake cha umeme, hiki kikubwa, hiki kidogo, na bomba la chuma la maji likawa njia ya umeme kurudia. Huku kwangu mshale wa mita ya umeme ukasimama mahali tofauti kwa kila swichi: washa, zima, bomba limepasuka.

Siku ya kwanza mshale ulisema washa. Nikawasha. Baadaye ukaanza kurukaruka kote. Nikazima pampu, nikapanda mlima mbio na hofu yangu.

Nilimkuta anabonyeza swichi zote, anacheka. Wanawake walikuwa wanajaza ndoo.

"Dada Fatu, maji yamefika," alisema. "Sikuwa na swichi ya kukuambia hivyo."

"Basi funga ya nne," nikamjibu.

Akaifunga jioni ileile.

Nakuombea heri katika ufundi wako.

Bibi yako, Fatu