Mpira Uliorudi Kutoka Migombani

Nyanga, Bukoba. Jumamosi jioni, mwezi wa Juni. Upepo wa ziwani umepoa na vumbi limetulia.

Shemeji yangu Kalikawe,

Salaam nyingi katika jina la Bwana. U hali gani huko Muleba? Watoto wazima? Na mkeo, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku hatujambo. Dada yako yuko jikoni na maharage, nami nimekaa barazani na daftari langu. Unajua desturi yangu ya kuandika kila Jumamosi mambo ya moyoni, yasiyomhusu mtu ila mimi na Mungu wangu. Lakini ya leo yanamhusu mama yako, kwa hiyo ukurasa huu nitaukata nikutumie.

Nianze na hofu, ndipo nije kwenye furaha.

Unakumbuka mama yako alivyoteleza shambani na mkungu wa ndizi, tukamleta hospitali ya mjini. Plasta walishaitoa. Daktari alisema goti sasa litaponywa na kutembea tu, kila siku kidogo, na kila wiki aende wamtazame. Asipotembea litakaukia palepale, mguu usikunjike tena maisha yake yote.

Sasa mama mkwe atatembea wapi kwangu? Desturi yetu unaijua. Mama wa mke hakutani uso kwa uso na mkwe wake, hampi kitu mkono kwa mkono, wala halali chini ya paa lake. Nilimjengea kijumba chake nyuma ya migomba, lakini kibanja chote, nyumba na migomba yake, ni kimoja na njia ni moja. Na mimi seremala kutwa niko uani na randa yangu. Akinisikia nakohoa, anarudi ndani. Akiona kivuli changu, anajifunika kanga na kugeukia migomba. Wiki nzima ilipita hajafika hata kwenye chemchemi.

Niliumia sana. Mama wa watu anafungiwa ndani na heshima yake mwenyewe, na anayemfungia ni mimi, kwa kuwapo tu.

Nilimwambia Mungu, mimi sijui la kufanya.

Mbele ya nyumba, migomba inapoishia, kuna rweya, ile nyika yetu ya majani mafupi wanapochunga ng'ombe. Hapo ndipo tunapocheza gofu kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya: mimi, dada yako, watoto, na rafiki yangu Mwalimu Rwegasira. Ulinicheka ulipokuja Pasaka, ukasema nimeota ngozi nyeupe. Ni kweli, kule ufukweni kwenye klabu yao sisi hatuingii kucheza. Lakini niliwahi kuwatengenezea mipini ya fimbo zao, na bwana mmoja akanipa mbili zilizochakaa pamoja na mipira kadhaa. Nyingine nikazichonga mwenyewe kwa mti wa mkahawa. Mashimo yetu ni makopo ya samli tuliyoyafukia, na bendera ni vitambaa vya kanzu yangu kuukuu. Majani wanatukatia ng'ombe wa jirani. Hawadai mshahara, ingawa wanayoyaacha nyuma yao yamewahi kuumeza mpira wa Mwalimu mzimamzima.

Mwezi uliopita nilipiga vibaya. Mpira ukapinda, ukaingia migombani, ukaenda kusimama mbele ya mlango wa mama yako. Alikuwa amekaa pale anachambua maharage.

Nikasimama kama mti. Kuingia siwezi. Yeye akinipa, siwezi kupokea. Watoto walikuwa mbali, kwenye bendera ya pili. Nikasema moyoni, basi, mpira umekwenda.

Mara nikasikia mlio mkavu, kama shoka linapogusa gogo. Mpira ukatoka kati ya migomba, ukaruka juu, ukaanguka karibu na bendera kuliko nilivyowahi kuupeleka mimi.

Alikuwa ameugeuza mkongojo wake, akapiga kwa ule mpini uliopinda.

Baadaye Mwalimu aliniuliza polepole ni nani aliyeko kule migombani. Nikamjibu kwamba ni mama mkwe. Akavua kofia.

Wiki ile nilichonga fimbo moja ya kimo chake. Nikaiegemeza kwenye ukuta wa kijumba, nikaondoka. Jumamosi iliyofuata alitoka, mkongojo mkono mmoja na fimbo mkono mwingine, kanga imefika machoni, mjukuu wake, mwanangu Koku, akimtangulia.

Shemeji, nimeucheza mchezo huu miaka, na sikuwahi kuuona vile. Katika gofu kila mtu anafuata mpira wake. Yeye akienda kulia, mimi naenda kushoto. Anayepiga hatazamwi usoni. Wenzake wanasimama pembeni na kunyamaza. Hakuna kupeana kitu mkononi. Mpira unawekwa chini na unaokotwa chini. Tumeizunguka rweya nzima, mimi na mama mkwe, tumecheka mambo yaleyale, na desturi haikupata hata mkwaruzo.

Na alitembea! Mwanzoni akipumzika kila bendera, halafu akiruka moja, halafu mbili.

Sasa nije kwenye la leo.

Jana alimwita dada yako akamwambia kwamba Jumatatu anarudi Muleba. Watu wanasema, na kweli wanasema, eti mwanamke mwenye mtoto wa kiume anakaaje kwa mkwe. Nikamtuma dada yako amsihi asubiri goti lipone, maana huko kwenu hospitali iko mbali, na mama yako hakai bure akiona shamba lina majani. Jibu likarudi leo asubuhi: hataki kubembelezwa. Tucheze leo, yeye na mimi tu, na mshindi ndiye atakayeamua.

Mimi mzee wa kanisa nilijiuliza kama hiyo si kamari. Dada yako akaniambia niende nikacheze, mahubiri yana siku yake.

Niliomba kabla ya kutoka. Nakuungamia kwamba nilitaka sana ashindwe, lakini nikaona haya kumwambia Mungu hivyo. Nikaomba goti tu.

Mwalimu ndiye alikuwa mwamuzi, na unajua mdomo wake. Hatujafika bendera ya kwanza akaanza: "Fundi, leo unapigwa na mtu ambaye hujawahi kumtazama usoni."

Mama yako alikuwa ameelekea ziwani, mgongo kwetu. Akamwambia mjukuu wake, "Koku, mwambie Mwalimu anyamaze. Baba yako akitetemeka, watasema nimemshinda mgonjwa."

Tulicheka wote, hata yeye, nikaona mabega yake yakitikisika.

Sikumpunguzia hata kidogo. Nilicheza kama mtu anayetafuta kazi. Nilishinda shimo la kwanza, akanipata. Akatangulia yeye, nikampata. Tukafika shimo la mwisho, lile la karibu na mwamba, hakuna aliyemzidi mwenzake.

Mpira wangu ulikuwa karibu kabisa. Nikagusa. Ukaenda vizuri, ukazunguka mdomo wa kopo kama nzi, ukatoka.

Wake ulikuwa mbali zaidi, na mahali penyewe pana mwinuko. Akautazama. Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona tangu alipofika kwangu: alimpa Koku mkongojo. Akasimama kwa miguu yake miwili, akainama juu ya fimbo.

Goti likakunjika.

Shemeji, goti la mama yako lilikunjika. Nililiona kwa pembeni, kwa heshima, lakini nililiona. Dada yako alijiziba mdomo kwa kanga. Mpira ulipanda ule mwinuko polepole mpaka nikadhani umelala, halafu nikasikia kopo likilia.

Mimi nilikuwa na mambo mawili kifuani kwa wakati mmoja: amepona nusu, na Jumatatu anaondoka na hiyo nusu.

Akageukia migomba. Akasema na dada yako kwa sauti ya kunifikia mimi:

"Kokugonza, mwambie mwenye nyumba kwamba aliyeshinda ni mimi."

"Ego waitu, Mae. Ndiyo mama, amesikia."

"Basi nimeamua. Nakaa, mpaka mguu huu unipeleke Muleba wenyewe. Kukaa kwa kuhurumiwa sikutaka. Nakaa kwa kushinda."

Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia kopo.

Nimeishi na watu wa maana, shemeji. Nimesikia wachungaji na machifu wakisema. Lakini mtu wa kucheza kwa nguvu zote ili apate haki ya kupokea msaada bila kuinamisha kichwa, huyo nimemwona leo, na ni mama yako. Mimi kwa akili yangu nilidhani anapigania kuondoka.

Halafu akaongeza jambo moja, na hili ndilo linalonifanya niukate ukurasa. Alisema: "Lakini mwanangu aandikiwe. Asije akachekwa kwamba hana nyumba ya kumweka mama yake. Akikataa, nitakwenda."

Wote walipokwisha kuondoka nilibaki kukusanya bendera. Kando ya shimo la mwisho nilikuta jani la mgomba limekunjwa vizuri. Ndani mlikuwa na kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ya harufu na kukaushwa, ambayo kwetu hupewa mgeni anayeheshimiwa. Aliiweka chini, akaenda zake. Nami niliiokota chini.

Naitafuna sasa ninapoandika.

Shemeji, najua nyumba yako ipo, na kitanda chake kiko tayari, na hakuna wa kusema vinginevyo mbele yangu. Nikimsikia mtu nitamjibu mwenyewe. Nakuomba tu usiumie. Mwache amalize hospitali. Siku atakapoteremka mlima huu wetu kwa miguu yake nitakuletea mwenyewe, nikitembea nyuma, mbali, kama inavyopasa.

Neno lako moja linatosha. Mpe mtu yeyote anayeleta kahawa mjini kuuza, atanipata.

Nijibu upesi, tafadhali. Mama ameshaagiza nimchongee fimbo nyingine, nzito kidogo kuliko hii, na mti nimeshaukata. Uko hapa mbele yangu, lakini sitaki kuugusa na randa kabla sijapata neno lako.