Mama, Koko Amekula

Mama,

Ninaanza na kosa langu, kwa sababu wewe hukupenda muntu anayezunguka na maneno. Koko alikufia mikononi mwangu. Hukuwa umemaliza hata juma mbili kaburini.

Watoto wangu wakiniuliza huyo Koko ni nani, nawaambia ni ile chachu ya mukate ambayo mama yangu aliifuga ndani ya bokali, ile chupa ya kioo yenye mudomo mupana. Unga na maji tu, ikivimba na kushuka kila siku. Uliipata ukiwa musichana, kwenye jiko la masista, wakati barabara ilikuwa mbaya na levire, ile chachu ya dukani, haifiki. Sista muzee mumoja akakupatia kijiko cha chachu yake, ukaenda nacho mpaka kwenye ndoa. Ukamwita Koko, kama tunavyoita babu na bibi, kwa sababu alikuwa muzee kutupita sisi wote, na kwa sababu yeye njo alikuwa anakula kabla ya muntu yeyote hapa nyumbani.

Kila asubuhi unatoa kikombe kimoja cha chachu, unamwongezea Koko unga na maji mapya, unafunika na kitambaa, halafu unasema: "Koko amekula. Sasa na sisi tukule." Hata zile siku za kukimbia vita, unga ukiwa umebaki konzi moja. Nilikasirika sana, Mama. Nilikuwa mutoto mwenye njaa, nakuona unalisha bokali.

Na kile kikombe ulichotoa hukukimwaga hata siku moja. Njo kilikuwa mukate wetu wa muhindi. Unaloweka unga wa muhindi ndani yake pamoja na maziwa ya kuganda, unaacha mpaka jua lifike kwenye muti wa avoka. Unaongeza yai, kama kuku amekumbuka kazi yake, na chumvi kidogo. Kidogo sana, hapo nitarudi. Sufuria unaipaka mawese ya Walikale, unaweka makala ya moto machache chini na mengi juu ya kifuniko. "Moto ya juu njo inapikaka. Ya chini inaunguzaka tu." Nilisikia maneno hayo mpaka nikayachoka, na leo nayasema mimi mwenyewe, na sauti yako kabisa.

Sasa kosa. Unajua kwetu jiko la marehemu haliwashwi mpaka kilio kiishe. Majirani walileta chakula, Mungu awabariki, maharagwe na ugali wa muhogo kila siku, na hakuna muntu aliyegusa jiko lako. Na mimi niliyekaa pale nikililia mama nilisahau kwamba kuna mwenzangu ndani ya bokali hajala. Siku ya kumaliza kilio, wanawake walikuja kuosha nyumba. Nikasimama mulangoni kama mukubwa wa kambi, nikasema: "Osheni kila kitu, nisione uchafu hata moja." Mama mudogo Riziki, mudogo wako, akakuta bokali yenye maji meusi juu na harufu kali. Akafikiri ni uji ulioharibika. Akamwaga chini ya migomba, akasugua kioo na majivu, akakigeuza juani.

Niliona bokali inang'aa. Haikuwahi kung'aa tangu nizaliwe.

Nisikufiche nilichosema. Nilimwambia mama mudogo, mbele ya wanawake wote, kwamba amekuua mara ya pili. Alifunga kikwembe chake kiunoni na kupanda kilima kurudi kwake, na ule mugongo wake ulikuwa mugongo wako. Mimi njo nilisema waoshe kila kitu. Mimi njo niliacha kumulisha Koko. Lakini ulinijua, ulisema tangu zamani: "Mapendo, mudomo yako iko pilipili, siku moja itakuunguza wewe mwenyewe."

Nilijaribu kutengeneza chachu nyingine. Unga, maji, kitambaa, kungoja. Siku ya sita ikaanza kutoa mapovu, nikafurahi, nikapika. Mukate ulivimba vizuri. Watoto waliusifu, nikawakasirikia kwa kuusifu. Haukuwa mubaya, Mama. Ulikuwa mukate wa nyumba ya watu wengine.

Ikawa hivyo mpaka muhindi ukakomaa tena. Mama mudogo hakukanyaga kwangu, na mimi sikupanda kilima. Kiburi nilikirithi kwa Papa, usikatae.

Halafu siku moja, kabla ya saa sita, akaja Neema. Unamukumbuka: yule mwanamuke wa Burungu aliyekimbia vita na watoto wawili, akafika kambini hapa Lushebere mvua ikimunyeshea, ukamupa jiko letu alale. Alikaa misimu miwili. Mimi sikumupenda, na sababu haikuwa yake. Ulikuwa unamuita "mutoto yangu", na mimi nilifikiri mama mumoja anatosha mutoto mumoja. Habari ya kifo chako ilimufikia kwa kuchelewa. Alitoka kwake na moto, ile pikipiki ya kukodi, kipande kingine kwa miguu, matope mpaka magotini, na mukate umefungwa kwenye jani la mugomba. Akanikumbatia: "Pole, dada. Sikujua. Sikujua hata kidogo."

Sikuwa na njaa. Nilimega kipande kwa heshima tu.

Mama, kwanza ukaja ule ukali kidogo nyuma ya ulimi. Halafu utamu wa muhindi ukafuata pole pole. Nilisimama. Nikamuuliza maskini Neema kwa sauti ya askari alipata wapi mukate huu, mpaka akaogopa akaanza kuomba musamaha. Kumbe alipika mwenyewe. Siku ile ya kurudi kwake ulichukua kikombe cha Koko, ukakisugua na unga mukavu mpaka kikawa punje punje, ukakausha juani, ukamufungia kwenye pembe ya kikwembe. Alipofika alikuta nyumba haina hata paa. Kabla ya kutafuta majani ya kuezeka, alitafuta kopo akazilowanisha zile punje. Sasa pale Burungu nyumba nne zinamulisha Koko, na wote wanamuita Koko, bila kujua kwa nini.

Nilikuwepo ile siku, nimesimama mulangoni. Nakumbuka vizuri nilichokuambia: "Mama, hata mabaki ya Koko utapatia kila mupita njia?" Wewe hukugeuka, uliendelea kufunga fundo. "Ile tunakula inaishaka. Ile tunagawa njo inabakiaka." Mimi nilicheka.

Nililia pale kuliko siku ya maziko. Jirani alikuja mbio, akifikiri tumepata kilio kingine.

Lakini mukate uliopikwa haurudishi chachu, moto umemaliza kazi. Kwa hiyo kesho yake nilichukua bokali ileile iliyooshwa, nikaenda na Neema mpaka kwake. Nililala kwake siku mbili, mimi niliyehesabu mara ngapi alichota chumvi yetu. Alinipa kitanda, yeye akalala chini na watoto. Asubuhi alimulisha Koko mbele yangu, akafunika, akasema maneno yako yaleyale, na watoto wake wakaitikia kama kwenye misa. Asante, Mama. Sikujua kwamba nina dada. Ulinizalia huyo kwenye jiko letu, na mimi nilikuwa ninanuna.

Wakati wa kurudi nilibeba bokali kifuani, nimepanda moto, kifuniko nimekilegeza. Barabara unaijua. Kwa kuruka ruka kule na kwa jua lile, Koko akavimba, akatoka nje, akamwagika juu ya blauzi yangu ya Kanisa. Mwenye kuendesha moto alisikia harufu, akafikiri ni kasiksi, pombe ya ndizi, akaniomba nimubakishie kidogo. Nilicheka peke yangu mpaka Lushebere, nimechafuka mpaka kwenye mukanda, na sikutaka kupanguza.

Mukate wa kwanza sikuula. Niliufunga kwenye jani, nikatia chachu ndani ya kikombe, nikapanda kilima. Mama mudogo alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuinua kichwa. Nikapiga magoti pale kwenye maganda, nikaomba musamaha bila kuzunguka, kama ulivyotufundisha, nikamwambia muuaji wa Koko nilikuwa mimi. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha. Halafu akanawa, akamega, akatafuna muda murefu sana akitazama upande wa kaburi lako.

"Chumvi iko kidogo," akasema.

Njo vilevile alivyokuwa anakuambia wewe kila mara, na wewe kila mara ulikataa kuongeza. Akanisogezea kiti. Akachukua kile kikombe akakiweka mahali pa juu, kuku wasifikie. Tulikaa mpaka jua likashuka, tukikusema, na mengine tuliyosema si ya kuandika. Sasa anashuka kwangu kila Jumapili kuchunguza kama namulisha.

Mama, nakushukuru kwa njaa yote ile niliyofikiri unaninyima. Nakushukuru kwa mukono wako uliotoboka, usioshika kitu bila kukigawa, mukono niliouonea haya mbele ya majirani. Kama ungenisikiliza mimi, leo nisingekuwa na chochote chako chenye kupumua.

Ahadi yangu ni hii. Kila asubuhi nitatoa kikombe, na hakuna muntu atakayeondoka hapa kwa mikono mitupu akikiomba, hata yule mwenye moto akirudi. Nitakausha punje na kumufungia kila binti anayehama. Na siku kilio kitakapokuwa changu mimi, nimekwisha kuwaambia watoto: osheni kila kitu, lakini muulizane kwanza nani amemulisha Koko.

Lala vizuri, Mama. Jua limefika kwenye avoka, sufuria inaningoja, na Riziki yuko mulangoni na chumvi yake mukononi.

Koko amekula. Sasa na sisi tukule.

Mutoto wako,
Mapendo